Mama hapati usingizi tangu atoke hospitali

SWALI: Mama yangu ana miaka 74. Alianguka akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Ni wiki ya tatu tangu aruhusiwe. Mchana kutwa anasinzia, usiku analia na maumivu mpaka alfajiri. Panadol tunampa akizidiwa tu, tukiogopa asije akaizoea. Jirani anasema tumpe piriton alale. Ni sawa?
Binti yake, Morogoro

JIBU: Pole kwa kuuguza. Piriton msimpe. Usingizi italeta, lakini mzee inamfunga choo, inamzuilia mkojo na kumchanganya akili. Akiinuka usiku kwenda msalani akiwa hivyo, ataanguka tena. Valium nayo vivyo hivyo.

Panadol haimfanyi mtu awe mteja wake. Tatizo ni huko kusubiri azidiwe. Dozi moja hutuliza kwa muda wa saa 4 hadi 6 hivi, na maumivu yakishapanda ni vigumu kuyashusha. Mpeni kwa kufuata saa, hata akisema hajambo. Kama ana kilo 50 au zaidi, na hana ugonjwa wa ini wala hanywi pombe, ni vidonge 2 vya miligramu 500 saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Wazee wengi hutoka wodini wamekonda, kwa hiyo mpimeni kwanza. Akiwa chini ya kilo 50, daktari ampangie dozi ndogo zaidi. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, ambayo ndiyo Panadol yenyewe, msichanganye. Diklofenaki msimnunulie dukani: inachubua tumbo na kuumiza figo, hasa kwa anayetumia dawa za presha.

Usiku alalie ubavu usio na kidonda, mto mnene ukiwa katikati ya magoti, ili mguu uliopasuliwa usivutike kwa ndani.

Usingizi wake wa usiku unaliwa mchana. Asubuhi mtoeni nje akae juani kwenye kiti kirefu kigumu. Mazoezi aliyofundishwa ayafanye saa moja baada ya dozi, maumivu yakiwa yametulia. Ajilaze mara moja tu baada ya chakula cha mchana, nusu saa, na saa 9 awe ameamka. Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana. Kama anatumia Lasix jioni, muulizeni daktari kama inaweza kuhamia asubuhi, maana huenda ndiyo inayomwamsha kukojoa.

Akivimba mguu mmoja na kuuma kwenye kigimbi, msimchue wala kumkanda kwa maji moto: huenda ni damu iliyoganda, na ikichomoka itaenda kwenye mapafu. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Fanyeni hivyo pia kidonda kikitoa usaha, akipata homa, mguu ukifupika au kupinda ghafla, au akianza kuweweseka na kutowatambua. Akibanwa na pumzi, ondokeni naye saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.