Jibu: Kuponi za pongezi na hofu ya kuitwa mpelelezi

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba hapo Sombetini, Arusha, vijana wanazikataa kuponi za pongezi, yaani tiketi za zawadi ndogo kwa kijana aliyetenda jema, anazotoa mkaguzi wa polisi wa kata, kwa kuogopa kuitwa wapelelezi.

Chunguza kwanza ni tendo gani linalotuzwa. Polisi wa Richmond, Kanada, chini ya mkuu wao Ward Clapham, waliwapa vijana tiketi za aina hii kwa mambo yanayoonekana na kila mtu, kama kuvaa kofia ya usalama kwenye baiskeli. Ikiwa kwenu anapewa aliyesema nani anauza gongo au nani ameiba simu, hofu ya vijana ni ya haki kabisa, na utaratibu huo unahatarisha maisha yao. Ukomesheni mara moja. Taarifa za uhalifu ziwe na njia yake ya siri, mbali na zawadi yoyote.

Kisha mtazameni mtoaji. Kwetu Ngarenaro minong'ono ilipungua pale kocha wa timu ya mtaa na mwenyekiti wa mtaa walipopewa nao kuponi za kugawa, zikawa zinatolewa hadharani baada ya mechi, mbele ya wazazi, mkaguzi akiwa mmoja tu kati ya waliohudhuria. Zawadi iwe ndogo, kwa mfano sahani ya chipsi au kunyolewa nywele, kwa makubaliano na wenye biashara, kwani kubwa huleta tuhuma za upendeleo. Wasichana nao wakumbukwe, maana si wengi wanaofika uwanjani.

Mwombeni mkaguzi aiandike orodha ya matendo yanayotuzwa, ibandikwe ofisi ya mtaa kabla ya kuponi nyingine kutolewa.