Fremu ya mita 5 kwa 9: rafu za mistari au meza katikati?

Dada, umesema unaachana na kaunta ya wavu ili wateja wajichukulie wenyewe, na unauliza kama fremu yako ya Mbagala uipange kwa rafu za mistari au meza zilizosambaa.

Kwa unga, sabuni na mafuta, chukua mistari. Meza zinafaa nguo na viatu, mtu anapozurura. Aliyefuata kilo ya sukari hazururi. Ukiweka rafu za sentimita 40 kila ukuta na ya sentimita 80 katikati, unabaki na njia mbili za sentimita 170. Hapo wawili wenye vikapu wanapishana bila kugusana.

Ile ya katikati isivuke kifua chako. Mimi mwanzoni niliweka ndefu kwa tamaa ya nafasi, na maziwa ya kopo yakawa yanayeyuka kila wiki kwenye kona ile ile ambayo nikiwa kwenye droo siioni.

Friji ipeleke mwisho kabisa, anayefuata soda apitie biskuti. Wembe na betri vikae karibu na mkono wako.

Clarence Saunders, aliyefungua duka la kujihudumia Memphis, Marekani, mwaka 1916, aliwapitisha wateja njia moja tu hadi kwa keshia. Usiige hilo. Mtu wa chumvi ya mia tano atahamia kwa Mangi jirani.

Kabla ya kununua rafu, chora kwa chaki sakafuni, panga makatoni matupu, kisha tembea humo na kikapu.