Harrier inapiga teke ikishapata joto

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Toyota Harrier ya 2004, ile tako la nyani, injini ya 2AZ lita 2.4. Asubuhi natoka Dodoma gari linateleza vizuri tu, lakini nikikaribia Gairo linaanza kupiga teke likibadili gia, na taa ya injini inawaka. Likilala likapoa, kesho yake halina shida. Mashine ya kupimia hitilafu imesoma kodi P0717. Fundi mmoja anasema giaboksi imekufa, nitafute ya mtumba. Mwingine anasema ni sensa ya spidi, ila hajui iko wapi, na mshale wa spidi kwenye dashibodi unafanya kazi. Nimsikilize nani? – Mwalimu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hela ya giaboksi irudishe mfukoni kwanza.

P0717 maana yake kompyuta haipati taarifa kutoka kwa sensa inayosoma mizunguko ya shafti inayoingia giaboksi, ile inayozungushwa na konvata, yaani kiungo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Mshale wa dashibodi hauhusiki hapo. Toyota nyingi za miaka hiyo zenye ABS (breki zisizofunga matairi) huchukua spidi ya dashibodi kwenye magurudumu, kwa hiyo mshale unaweza kucheza vizuri huku giaboksi inahangaika.

Giaboksi yako ina sensa mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo ya kuingilia, ya pili inasoma gia ya kati inayopeleka nguvu kwenye matairi. Kompyuta ikilinganisha injini na sensa ya kwanza, inajua konvata inateleza kiasi gani. Ikilinganisha ya kwanza na ya pili, inajua kama gia imeshika sawasawa. Hesabu moja ikikosekana, haijui ipunguze presha ya oili saa ngapi, ndiyo hayo mateke.

Sasa mahali. Ukifungua boneti, giaboksi iko upande wa abiria. Toa betri na sahani yake, toa na boksi la ea klina. Hapo juu ya bodi ya giaboksi utaona vitu viwili vyeusi vya plastiki, kila kimoja kimeshikwa na boliti moja ya spana namba 10 na kina soketi ya waya mbili. Kabla ya kugusa sensa, angalia waya wenyewe. Unapita chini ya betri, na nimeona waya nyingi zilizoliwa na asidi, au kufuli ya soketi imevunjwa na aliyebadilisha betri kwa haraka.

Chomoa soketi, weka testa kwenye ohmu. Kwa sensa hizi Toyota wanataka ohmu 560 hadi 680 kwenye nyuzi joto 20. Ikipata joto namba itapanda, hiyo ni tabia ya waya wa shaba. Kwako wewe kupima baridi peke yake hakutoshi: sensa itasoma vizuri na fundi atakurudishia gari lenye ugonjwa wake. Pima tena mara tu gari linapoingia kutoka safarini. Testa ikionyesha waya umekatika wakati wa joto, umempata mchawi. Koili ya ndani ina ufa unaofunguka ikitanuka.

Kama fundi wako ana mashine inayoonyesha data wakati injini inanguruma, aangalie mizunguko ya shafti ya kuingilia, gia ikiwa N. Itakaribiana na ya injini. Kisha akanyage breki na aweke D: namba itashuka hadi sifuri. Hapa ndipo vijana wengi wanapotupa sensa isiyo na ubovu. Gari limesimama, breki imezuia shafti, sasa wanataka isome nini?

Ukinunua sensa, badilisha na oringi yake, na boliti usiikaze kwa nguvu za tairi la lori, nyuzi za alumini zitang'oka. Giaboksi hiyo inatumia oili ya T-IV. Pima kwenye kijiti chake ukimaliza.

Sensa ikitoka, tazama ncha yake, kwa sababu ina sumaku. Tope jepesi jeusi ni la kawaida kwa umri wa gari lako, lifute. Ukikuta vipande vya chuma unavyovihisi kwa kidole, fundi wako wa kwanza hakukosea sana, na giaboksi ifunguliwe kabla hujalipia sensa.