Daladala Imesimama: Ni Foleni au Inapakia?

SWALI: Shikamoo mama. Nafunga traka kwenye daladala hapa Tanga. Matajiri wanataka kujua gari liko wapi na kama dereva anakatisha ruti. Baadhi yao wameniruhusu nitumie rekodi za ruti ya Pongwe na mjini. Nimeziweka kwenye ramani, penye mwendo mdogo nikapaka rangi nyekundu. Wekundu umejaa Kange karibu na stendi, na tena ukikaribia Soko la Mgandini. Nataka kuipeleka Jiji waone pa kutenga njia ya daladala. Niipeleke?
Fundi wa traka, Mikanjuni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiipeleke bado. Nimefanya kazi na rekodi za magari miaka mingi, na kinachoniuma ni kuona barabara inachimbwa kutibu tatizo ambalo halikuwa la barabara.

Traka inajua gari limesimama, haijui limesimamia nini. Pale Kange daladala zinangoja abiria wanaoshuka mabasi ya mikoani. Konda anaita, mpiga debe anaita, na dereva haondoki mpaka viti vijae. Mwendo ni sifuri hata kama mbele yake hakuna gari. Ukitenga njia hapo umewapa nafasi ya kupakia, na aliyekwisha kukaa ndani atachelewa vilevile.

Kwa hiyo tenganisha. Zungushia kila kituo duara la mita 30 hivi, na muda unaoishia humo uuandike peke yake. Kisha chukua kipande cha barabara kati ya kituo na kituo, ulinganishe safari za saa 11 alfajiri na za saa 1:30 asubuhi. Kinachozidi, sehemu kubwa ni foleni. Wala usiridhike na wastani. Panga safari zote za kipande kimoja kuanzia ya haraka hadi ya mwisho, uitazame ile ya tisa katika kila kumi. Muuguzi anayewahi zamu Hospitali ya Bombo hatoki nyumbani kwa kufuata wastani. Anatoka mapema kwa kuiogopa siku mbaya, na usingizi anaoupoteza ndio ninaotaka njia hiyo imrudishie.

Angalia pia traka zinatuma kila baada ya sekunde ngapi. Gari la kilomita 30 kwa saa hukata mita 250 katika sekunde 30, na makutano mazima yanaweza kupotea kati ya nukta mbili za ramani. Ukiweza ziwekee sekunde 10. Nyingine dereva akizima injini hupunguza kutuma, na ukimya huo usiuhesabu kuwa ni mwendo. Na usimwahidi mtu kwamba baadaye traka itakamata walioingia njia isiyo yao: GPS hupotoka mita kadhaa hata penye anga wazi, na njia moja ya gari haifiki mita 4.

Bado utabaki na vituo ambavyo foleni imewafikia wanaopakia, na hapo kompyuta haikusaidii. Panda gari, kaa karibu na konda, umuulize. Nairobi wanafunzi wa chuo kikuu walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakaandika ruti na vituo. Ramani iliyotoka 2014 ilikuwa na ruti zaidi ya 130. Kupanda gari ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kuna watakaokwambia, "Mbona Dar wanaweza?" Huduma ya mabasi ya mwendokasi ya Kimara hadi Kivukoni ilipoanza 2016 haikuanza na njia peke yake. Abiria analipa kabla ya kupanda, na sakafu ya basi inalingana na jukwaa la kituo, kwa hiyo kupanda hakuchukui muda. Sisi nauli inakusanywa gari likiwa linakwenda.

Baada ya haya yote, kipande kikibaki chekundu mara nyingi kitakuwa kifupi, kabla ya makutano. Hapo omba mita chache za njia ya daladala ziipite foleni. Ni kazi ndogo kuliko kuomba barabara nzima, na mimi ningeanza na hiyo.

Kabla ya kupeleka, futa namba za magari na majina ya madereva. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Na usiishie Jiji. Barabara ya Segera ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na mitaa ya ndani ni ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini.

SWALI: Mama, sisi wa baiskeli tumo kwenye ramani hizo?
Mpanda baiskeli, Makorora

JIBU: Hamumo, kwa sababu baiskeli haina traka, na katika mji wa baiskeli kama huu hilo ni pengo kubwa. Njia ya daladala inataka mita 3 hadi 3.5, na ikichorwa pembeni italila bega la barabara mnalopita nyinyi. Shikeni daftari, simameni wawili wawili kwenye makutano yaleyale atakayoyachagua fundi wetu wa Mikanjuni, saa zilezile za asubuhi na jioni, mhesabu baiskeli za kila upande. Kisha mpeni yeye hesabu hiyo, iingie kwenye ramani moja na daladala kabla haijafika mezani kwa mhandisi.