Je, inajuzu kupasua shingo ya maiti katika masomo ya udaktari?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mwanafunzi wa kike wa udaktari. Tumeshamaliza mkono na kifua, sasa tumefika shingoni, tena sehemu za ndani kabisa. Maiti tuliyopewa ni ya mzee mwanamume. Mkono unanitetemeka, kwani nimesikia kumkata maiti ni sawa na kumkata aliye hai. Je, napata dhambi? Na udhu wangu unabaki?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Binti yangu, hofu yako ina asili katika dini. Bi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alisema: "Kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai." Hadithi hii imo kwa Abu Daud na Ibn Majah, na wanazuoni wameifahamu kuwa inahusu dhambi na heshima. Basi asili ya jambo hili ni katazo, na anayekata kwa mchezo amekosa.

Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii, mjamzito akifa na mtoto tumboni anatarajiwa kuishi, hupasuliwa mtoto atolewe. Uhai umetangulizwa. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), lililokaa Makka, lilijuzisha kupasua maiti kwa ajili ya kufundisha udaktari, kwa masharti nitakayoyataja.

Na shingo ina haja kubwa kuliko viungo vingi. Nyuma ya tezi ya shingo, katikati ya koo la hewa na umio, hupanda neva nyembamba inayoendesha nyuzi za sauti. Daktari anayetoa rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, akiikata, mgonjwa hubaki na sauti ya kukwaruza. Akizikata za pande zote mbili, huenda akashindwa hata kupumua. Kando yake, ndani ya ala moja, zimelala ateri ya karotidi, vena ya jugula na neva ya vagasi. Vitabuni zimepakwa rangi nyekundu, buluu na njano. Mwilini zimefunikwa na mafuta na utando, wala huzijui mpaka uzifuate mwenyewe polepole. Fuqahaa wetu wameweka diya kamili, yaani fidia ya nafsi, kwa anayeondoa sauti ya mtu, na Mtume (s.a.w.) amesema kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu, huyo hudhamini alichoharibu. Kwa hiyo kujifunza kwako hapo ni katika kuzilinda shingo za walio hai, nawe hupati dhambi kwa hilo.

Sasa masharti. Akiwa ni mtu anayejulikana, lazima awe aliridhia kabla ya kufa au warithi wake wameridhia. Iulizeni idara, ni haki yenu kujua. Msikate zaidi ya somo linavyohitaji. Maiti za wanawake zipasuliwe na wanawake, ila wakikosekana. Shingo ya mwanamume si uchi wake, nawe unaiangalia kwa haja ya elimu. Sehemu nyingine zifunikwe.

Na viungo vyote vizikwe. Hapa nasisitiza, kwa sababu ndipo watu wanapozembea: kila kipande cha utando na mafuta mnachokiondoa kiwekwe katika chombo cha maiti huyo huyo, kisitupwe na taka. Anayepiga picha ya uso wake akairusha WhatsApp amemvunjia heshima mtu asiyeweza kujitetea, na hakuna haja ya elimu inayomhalalishia. Wenzako wakifanya hivyo, wakataze. Wasiposikia, mwambie mwalimu.

Kuhusu udhu, ukivaa glavu hautenguki. Glavu ikipasuka ukagusa ngozi yake, kwetu Mashafii umetenguka, maana si maharimu wako hata akiwa amekufa. Josho halikulazimu. Mwili wa mwanadamu si najisi, na ile dawa ya kuhifadhia maiti haizuii swala. Nawa mikono, tia udhu, uswali.

Wallahu aalam.