Filimbi ya mwanzi kwenye bendi: kwa anayeanza

Mdogo wangu, kama unataka kuingiza filimbi ya mwanzi kwenye bendi ya kisasa, lijue hili kwanza: matundu yakishatobolewa, basi. Gita hukazwa na kulegezwa, kinanda kina kitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Wewe huna. Kwa hiyo bendi ndiyo ikufuate. Nawaona vijana wenye kipaji hapa Mbeya wakifanya kinyume: wanaziba nusu tundu, wanapuliza kwa nguvu waifikie noti ya kinanda, na utamu wote wa mwanzi unapotea. Inaniuma. Puliza noti yako ya chini kabisa, mpiga kinanda aitafute, gita lifuate, ndipo mazoezi yaanze.

Halafu kuna baridi yetu ya Juni na Julai. Hewa ndani ya filimbi ikipoa kwa nyuzijoto 10, sauti hushuka karibu theluthi ya nusu toni (nusu toni ni hatua kati ya vitufe viwili jirani vya kinanda, vyeupe na vyeusi pamoja), na wakati huohuo nyuzi za gita hujikaza zikapanda. Onesho la usiku Njombe linaweza kuharibika kwa hilo tu. Filimbi ikae ndani ya koti. Kabla ya kutyuni, yaani kulinganisha sauti na bendi, pitisha pumzi taratibu hadi mwanzi upate joto. Ukityuni ungali wa baridi, wimbo wa pili utakukuta sauti yako imeshapanda.

Wengi mnatoka kwenye tarumbeta za kanisani. Kifua mnacho tayari, ila filimbi inataka hewa nyembamba, isiyosukumwa.

Mtaambiwa mnaharibu asili. Msiyumbe. Ukanda wa Ziwa Nyasa kuna ngoma ya mganda, na malipenga yake ni vibuyu vilivyozibwa tundu kwa utando wa buibui, mtu anaimbia ndani sauti inavuma. Wazee wale walisikia bendi za jeshi la mkoloni, wakachukua gwaride na mlio wa tarumbeta, wakaujenga kwa vibuyu vya shambani. Leo nani anathubutu kusema mganda si wetu?

Ila wimbo uliofundishwa na mzee usiupeleke studio kimyakimya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazigusa hata sanaa za jadi. Mfuate nyumbani, mpatane jina lake litaandikwaje na mgao wake ni upi, mwandikishane mbele ya shahidi, naye abaki na nakala yake.