Nyumba ya beringi: imekula, imeliwa au imelika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga, karakana yetu iko Unga Limited, Arusha. Nilimwandikia mteja makadirio ya matengenezo hivi: "Nyumba ya beringi imekula. Tutaweka bushi, tutapaka gundi na kuiacha ikauke." Akaniuliza, imekula nini? Mwenzangu anasema ningeandika "imeliwa", bosi anasema "imelika". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, fundi. Kwa wasomaji wasio wa karakana: beringi hubeba shafti, yaani mhimili unaozunguka; nyumba ya beringi ni tundu la chuma linaloishikilia, na bushi ni pete ya chuma inayoingizwa humo. Kwa maandishi, bosi wako yuko sahihi. Mwenzako naye atakuwa sahihi akiimalizia sentensi yake.

"Imekula" si kosa mdomoni. Ni kitenzi cha kutenda kilichobebeshwa maana ya kutendeka, na Waswahili tunafanya hivyo kila siku: duka limefunga, simu imezima. Hakuna anayeuliza duka limefunga nini. Fundi akisema tairi imekula upande mmoja, dereva wa daladala anaelewa papo hapo. Lakini "kula" ni kitenzi kilichozoea kufuatwa na yambwa, yaani kitu kinachotendwa, kwa hiyo mtu asiye wa karakana hutafuta kilicholiwa. Mteja wako alisoma kama msomaji yeyote makini.

"Imelika" inaeleza hali bila kumtaja aliyeisababisha: soli imelika, kisu kimelika kwa kunolewa. Chunga tu wakati. "Hailiki" humpeleka msomaji mezani, kwenye chakula kisichofaa kuliwa. Kwenye ripoti baki na "imelika".

"Imeliwa" inadai mtendaji, na hapo ndipo ninapoipenda kwa kazi yako. Ringi ya nje ya beringi inatakiwa itulie ndani ya nyumba yake. Ya ndani ndiyo izunguke pamoja na shafti. Beringi ikilegea ndani ya nyumba, ringi ya nje nayo huanza kuzunguka na kukisaga chuma kinachoishikilia. Ukiandika "nyumba imeliwa na beringi iliyolegea", umempa mteja hali na chanzo kwa pumzi moja. Ongeza na kipimo. Beringi namba 6205 ina kipenyo cha nje cha milimita 52. Akiona tundu limefika 52.3, ataelewa kwa nini kununua beringi mpya peke yake ni kupoteza hela.

Sasa neno "ikauke". Hukuliuliza, lakini ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu linaweza kuharibu kazi yenyewe. Kitu hukauka kinapopoteza maji au kimiminika kingine hewani, kama nguo kwenye kamba. Gundi ya kushikilia beringi na bushi, ile ambayo mafundi wengi huiita Loctite hata ikiwa ya kampuni nyingine, haifanyi hivyo. Huganda inapobanwa kati ya chuma na chuma, mahali hewa isipofika. Ndiyo maana chupa yake haijazwi hadi juu: hewa inayoachwa ndani huizuia isigande kabla ya wakati. Kijana anayejifunza kazi akisoma "acha ikauke", anaweza kuipaka, akaianika bushi juani, akasubiri. Gundi itabaki majimaji vilevile. Andika "igande" au "ishike", na useme wazi kwamba ni baada ya bushi kuingizwa mahali pake. Hata kusafisha mafuta kuna neno lake: "kufuta" hakutoshi, maana kitambaa huacha utelezi. Andika "ondoa mafuta yote".

"Bushi" ni neno zuri, lisibadilishwe. Ila wapo wanaolitumia kwa kile kipande ambacho shafti huzunguka moja kwa moja ndani yake. Yako haizunguki na haizungukiwi; imekuja kujaza nafasi iliyolika. Iite "bushi ya kujazia".

Wingi ni beringi hizi, si maberingi haya.

Makadirio yako ningeyaandika hivi: "Nyumba ya beringi imeliwa na beringi iliyolegea; tundu limefika milimita 52.3 badala ya 52. Tutalikereza lipanuke, tutaondoa mafuta yote, kisha tutaingiza bushi ya kujazia iliyopakwa gundi. Mashine haitawashwa mpaka gundi igande."